Soma Raba ya Breki Kabla ya Kuivua

Raba ya pedeli ya breki ni miongoni mwa spea za bei ndogo kabisa kwenye gari, lakini ndiyo inayokutana na kiatu cha dereva kila anapotaka kusimama. Gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ukomo wa sheria kwenye maeneo ya makazi, linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mguu ukiteleza kwa nusu sekunde tu, gari limeshakula mita 7 kabla breki haijaanza kushika. Mita hizo zinatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara.

Kazi ninayoichambua ilifanyika kwenye gereji ya mtaani Kiwalani, Dar es Salaam, jirani na Vingunguti na Kipawa. Gari lilikuwa Toyota IST ya otomatiki, mtumba wa Japani kama magari mengi ya jiji hili. Nilichokipenda ni kwamba fundi hakuanza na bisibisi. Alitoa kapeti, akafuta pedeli kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kisha akamulika kwa tochi ya simu na kuikagua raba ikiwa bado mahali pake.

Kona ya chini kulia, mistari ilikuwa imefutika na bati linachungulia. Upande wa kushoto mistari ilikuwa bado imesimama. Ulaji wa namna hiyo una sababu: kwenye otomatiki, mguu wa kulia ndio unaotoka kwenye mafuta kwenda breki, hivyo unaikanyaga raba ukitokea kulia. Kwenye gari la manyuali raba ya klachi nayo huisha, hasa kwa anayeshinda kwenye foleni. Mchanga na tope la masika huharakisha mambo, maana soli yenye mchanga inasugua raba kama msasa.

Ulaji huo ni ushahidi pia kwa mnunuzi. Gari linalodai kilomita 50,000 huku raba imeisha hadi kwenye bati lazima liulizwe maswali. Na raba mpya kabisa kwenye gari lenye usukani uliochakaa na kiti kilichobonyea nayo inastahili maswali hayohayo. Ukiivua na kuitupa bila kuitazama, umetupa ushahidi.

Kuivua ni kazi ya dakika chache. Raba imevikwa kwenye bati la pedeli kama foronya kwenye mto, na mdomo wake unakumbatia kingo za bati kwa nyuma. Fundi aliingiza bisibisi bapa isiyo na makali chini ya mdomo wa juu, akaubinua, na raba ikatoka. Bati lilikuwa na kutu pembeni. Alilipiga msasa, akapaka rangi nyembamba, akaiacha ikauke. Hatua hii wengi huiruka, na kutu yenye ncha ndiyo inayokuja kuchana mdomo wa raba mpya.

Kwenye kununua, beba raba ya zamani uende nayo dukani, Kariakoo au kwingineko, uzigeuze zote mbili na kulinganisha migongo. Raba ya otomatiki ni pana, ya manyuali ni nyembamba, na moja haiwezi kufanya kazi ya nyingine. Isipobana, usiinunue kwa matumaini ya kuibandika gundi: siku gundi ikiachia, raba inazunguka chini ya mguu.

Kuivika kunahitaji maji ya sabuni tu. Anza na ukingo mmoja mrefu, kisha vuta kona moja moja. Usitumie oili wala grisi, maana huilainisha raba hadi inalegea, na utelezi wake haukauki. Polishi ya dashibodi nayo isiguse pedeli kamwe. Waombe wanaokuoshea gari waing'arishe dashibodi na waache pedeli zilivyo.

Baada ya hapo fundi alipitisha kidole nyuma ya bati kuzunguka kingo zote nne, akajaribu kuizungusha raba kwa mkono, halafu akawasha gari na kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa. Akiwa amejikunja palepale, alikagua kizuizi kidogo kinachogusa swichi ya taa za breki. Kikivunjika, vipande vyake hudondoka kwenye kapeti, taa za breki zinawaka muda wote na betri inaisha.

Mwisho alirudisha kapeti na kuifunga kwenye vishikizo vyake. Hatua hiyo si ya urembo. Agosti 2009, karibu na San Diego, Marekani, Lexus ES 350, gari la kampuni ya Toyota, ilishindwa kusimama na watu 4 wakafa. Kapeti ya modeli nyingine ilikuwa imenasa pedeli ya mafuta. Toyota iliyaita yarudishwe magari yapatayo milioni 3.8 nchini humo kwa tatizo hilo.

Kwa hiyo kila unapobadilisha oili, mwambie fundi atoe kapeti na amulike pedeli. Mistari ikishafutika kwenye kona moja, badilisha raba siku hiyohiyo, hata kama upande wa pili bado ni mzima, kwa sababu mguu wako unakanyaga pale palipoisha.