Bangili Nyeupe na Mtambo wa Madeni

Katika madarasa ya makada kuna swali ambalo halikosi kuulizwa: mashirika ya hisani ya nchi za kibepari, yanapofanya kampeni kwa ajili ya maskini wa Afrika, ni rafiki zetu au ni mawakala wa ubeberu? Likiulizwa hivyo swali hili halijibiki, maana linataka jina la kubandika badala ya uchambuzi wa vitendo. Sisi tunapendekeza tutazame kampeni mbili za Uingereza zilizohusu mzigo mmoja, yaani deni la nchi changa.

Ya kwanza ni Jubilee 2000, iliyoanzishwa kwa juhudi za Martin Dent, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Keele, na Bill Peters, balozi mstaafu. Tarehe 16 Mei 1998, watu wapatao 70,000 walishikana mikono mjini Birmingham, ambako wakuu wa nchi tajiri walikuwa wakikutana. Sahihi zaidi ya milioni 20 zilikusanywa duniani. Lakini nguvu ya kampeni hii haikuwa katika idadi peke yake. Makanisani na katika vyama vya wafanyakazi, mtu wa kawaida alielezwa riba ni nini, nani alimkopesha nani, na kwa nini nchi inaweza kulipa miaka mingi na bado ikadaiwa. Mwaka 1999, huko Cologne, wakuu hao walilazimika kupanua mpango wa msamaha wa madeni ulioanzishwa 1996. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizonufaika, na ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto wa wakulima walifurika madarasani. Asemaye kwamba hilo si kitu, hajui maisha ya wakulima.

Ya pili ni Make Poverty History ya mwaka 2005, muungano wa mashirika zaidi ya 400. Alama yake ilikuwa bangili nyeupe. Tarehe 2 Julai watu zaidi ya 200,000 waliandamana Edinburgh, na siku hiyo hiyo wanamuziki walitumbuiza London na miji mingine katika tamasha la Live 8. Siku chache baadaye, huko Gleneagles, wakubwa waliahidi kufuta madeni zaidi na kuongeza misaada. Madeni mengi yalifutwa kweli. Lakini ilipofika 2010, ahadi ya misaada kwa Afrika ilikuwa haijatimizwa, na katika biashara ya dunia hakuna la maana lililobadilika.

Kampeni hii ya pili ilikuwa na makosa matatu.

Kosa la kwanza ni la sauti. Katika tamasha la London wasanii wa Afrika walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Wengi wao walipangiwa jukwaa lao la pembeni, huko Cornwall. Mwenye deni alibaki kuwa picha, na msemaji akawa mtu mwingine.

Kosa la pili ni la uchambuzi. Wito ulisema umaskini ukomeshwe, bila kumfundisha mwandamanaji nani anaufaidi. Msamaha wa madeni ulikuja na masharti. Kwa Tanzania, mojawapo lilikuwa kukabidhi huduma ya maji ya Dar es Salaam kwa kampuni binafsi. Kampuni ilianza kazi 2003, na Serikali ikavunja mkataba Mei 2005, wiki chache tu kabla ya tamasha. Mwezi huo huo ilifichuliwa kwamba baadhi ya bangili zilitengenezwa katika viwanda vya China vilivyovunja haki za wafanyakazi. Mnyonge alimtengenezea mwenziwe alama ya kuonewa huruma.

Kosa la tatu ni la muda. Muungano ulipangiwa mwaka mmoja, kana kwamba unyonyaji nao una ratiba ya mwaka mmoja. Zambia ilisamehewa madeni, lakini 2020 ilishindwa tena kulipa. Ghana nayo ilisamehewa, na 2022 ikasimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni lake la nje. Deni lilifutwa, lakini mtambo unaozalisha deni haukuguswa.

Tusidharau ufundi wao. Wahamasishaji wa mashirika hayo hufundishwa kumtambua mwenye uamuzi, kupima nguvu za wanaomuunga mkono na wanaompinga, kuchagua ujumbe mmoja ulio wazi, na kujua saa ya kusukuma. Kada asiyeyajua hayo anafanya kazi gizani. Upungufu wao ni kwamba shabaha yao ni waziri, na wananchi huwa chombo cha kumfikia waziri huyo.

Nchini mwetu tumewahi kufanya vingine. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliandaa viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa vikundi kwa vikundi kwa wiki 12, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadili, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Kiongozi wa kikundi hakuwa msemaji wa wanakijiji. Alikuwa mwanakijiji mwenzao aliyejua kuuliza swali.

Lakini Chama kinachojikosoa hakiwezi kuishia kuwakosoa wengine. Siku hizi tunawaona makada wanaodhani uhamasishaji ni kugawa fulana, kofia na khanga, kukodi bendi na kujaza uwanja. Mkutano ukiisha, mwananchi anarudi kwake na fulana mpya na swali lake la zamani. Kada wa namna hiyo hana haki ya kuicheka bangili ya Mwingereza, kwani fulana yake na bangili ile ni ndugu wa tumbo moja.

Kwa hiyo tunashauri kwamba kila darasa la uhamasishaji lipimwe kwa swali moja: baada ya kampeni, je, mkulima anaweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe nini kinamfanya awe maskini, na amekaa na nani kupanga la kufanya? Kama hawezi, kazi haijafanyika, hata kama uwanja ulijaa. Turudi vijijini tukaianze upya.