Mkono wa Muhamadi Kijuma

Muhamadi bin Abubakari, maarufu kwa jina la Kijuma, alizaliwa katika mji mdogo wa Lamu yapata mwaka 1855, akafariki mwaka 1945. Alikuwa mshairi, mchonga milango, mpiga kibangala, ala ya nyuzi, na mwandishi wa khati. Wataalamu wa Ulaya kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann walipotafuta tendi za kale zilizonakiliwa vizuri, walimwendea yeye.

Kunakili utendi kwa herufi za Kiarabu huanza na mpango wa ukurasa. Ubeti una vipande vinne, kila kimoja mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja. Cha nne hubeba kina cha bahari, kinachotembea toka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mwandishi huvilaza vyote vinne kwenye mstari mmoja, kutoka kulia kwenda kushoto, hata ukurasa ukawa na safu nne. Teremsha jicho kwenye safu ya kushoto, utakiona kina cha bahari kikishuka mstari kwa mstari. Safu hizo hazinyooki zenyewe. Kipande kimoja kina herufi pana, kingine nyembamba, na mkono hubana hapa, huvuta pale, ili vyote vikome pamoja.

Kisha herufi. Kiarabu hakina p, ch wala v, na kwa mazoea ya zamani herufi ya b iliweza kusimama pia mahali pa p na mb. “Pata” na “bata” zikaandikwa sawa. Hapo ndipo ufundi wa mkono unapohitaji elimu. Anayenakili bila kuelewa atapotosha, na kosa lake litarithiwa na kila atakayenakili baada yake. Kijuma alizijua tendi kwa ndani. Mwaka 1913 aliandika mwenyewe utendi wa shujaa Fumo Liyongo.

Miili ya maneno ikishakaa, zinafuata irabu. Kalamu huweka fatha na dhumma juu ya herufi, kasra chini yake. Alama ni tatu, irabu za Kiswahili ni tano, kwa hiyo kasra hutumika kwa i na e, dhumma kwa u na o. Kasra ikikaa mahali pa dhumma, “kula” imekuwa “kila”. Silabi ya pili kutoka mwisho, yenye mkazo, mara nyingi huongezewa herufi ya kuivuta, na msomaji akapata mwendo wa sauti pamoja na neno. Kazi hii hurudiwa herufi baada ya herufi, kwa mamia ya beti, na haina njia ya mkato.

Baada ya hapo huja mapambo madogo ya kutenga kipande na kipande, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine. Mwisho kabisa, mwandishi hutia jina lake na tarehe. Jina hilo ni dhamana: aliyenakili anasimama nyuma ya kila nukta.

Dhamana ya Kijuma imedumu. Miswada yake imehifadhiwa London na Ujerumani, na mkusanyo wa Dammann wa mwaka 1940 wa mashairi ya lahaja ya Lamu uliitegemea. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu tendi za pwani ya kaskazini ya Waswahili ilipita chini ya kalamu ya mtu mmoja asiyekuwa na haraka.