Seli Moja kwa Kila Sindano

Kipande cha melanoma, aina ya saratani ya ngozi, kilichotolewa kwa mgonjwa hukatwakatwa, hulowekwa kwenye vimeng'enya mpaka seli zake ziachane, kisha huchujwa. Maji yenye seli hugawanywa kwenye vishimo vidogo vya sahani ya plastiki, na mtu akainamia hadubini akikagua kishimo kimoja baada ya kingine. Hiki kina mbili, kiache. Hiki kitupu. Hiki kina moja, nayo ipo peke yake. Hiyo ndiyo hudungwa chini ya ngozi ya panya, halafu kazi inayobaki ni kungoja.

Hivyo ndivyo walivyofanya Elsa Quintana na wenzake katika maabara ya Sean Morrison, Chuo Kikuu cha Michigan. Mimi lakini nawavulia kofia kwa jambo lililotangulia: walikishuku kipimo chenyewe. Mwanzoni mwa 2008 watafiti wa Boston walikuwa wametangaza kwamba seli zinazoanzisha uvimbe wa melanoma ni adimu, na nyingi zao zina alama iitwayo ABCB5. Kingamwili dhidi ya alama hiyo ilipunguza kasi ya uvimbe kwa panya. Tumaini likawa kubwa: ziue seli hizo chache, uvimbe utakosa wa kuurithi.

Michigan wakauliza kama tatizo ni panya. Panya waliozoeleka kwenye vipimo hivi, japo wamedhoofishwa kinga, bado walikuwa na mabaki yake ya kuua seli ngeni. Ukipanda mbegu mwambani, huwezi kuhesabu zilizoota ukasema zilizobaki ni mbovu. Basi wakatumia panya wenye kinga hafifu zaidi, wakachanganya seli na jeli ya protini, wakangoja hadi wiki 32. Katika seli zilizodungwa moja moja, bila kuchaguliwa, wastani wa asilimia 27 zilizaa uvimbe. Si moja kwa mamia ya maelfu; zaidi ya moja kwa nne!

Mwaka 2010 wakajaribu alama 22, ABCB5 ikiwamo. Hakuna hata moja iliyotenga seli hatari na zisizo hatari, na nyingi zilionekana kuwaka na kuzimika kwenye seli zilezile. Dawa inayofuata alama moja ingeziacha zile ambazo leo hazina alama hiyo.

Mwaka huohuo, Alexander Roesch na kundi la Meenhard Herlyn, Taasisi ya Wistar, Philadelphia, walizifuatilia seli za melanoma zinazogawanyika polepole mno, zenye protini ya JARID1B. Walipoinyamazisha protini hiyo, uvimbe ulikua kwa kasi zaidi. Mtu mwenye haraka angefunga daftari hapo, akaandika kwamba tiba imeshindikana. Wao waliendelea kuuangalia, na baadaye uvimbe ukaishiwa nguvu.