Lima Kuukuu Imejifunza Kutambaa: Mtazamo wa Kwanza kutoka Dzaleka

Jamani, kinatambaa! Kichwa cha treni ya kuchezea kinachoshikika kwa mkono mmoja, Lima ya zamani yenye sura ya vichwa vya umeme vya Afrika Kusini, kimepita juu ya pointi zote za meza kwa mwendo wa jongoo bila kusita. Aliyewahi kumiliki Lima anajua kwamba hilo ni jambo la kupigiwa vigelegele. Kampuni hiyo ya Vicenza, Italia, iliyoanza mwaka 1946, ilitengeneza treni ndogo za bei nafuu. Mbio zinaziweza, polepole ndipo zinapoaibika. Zinashtuka, zinazima, nawe unanyoosha kidole kuzisukuma.

Kichwa chenyewe kilitoka Lilongwe, Old Town, kwenye lundo la vifaa vya mitumba. Fundi aliyekiponya yuko Dzaleka, mwendo wa kilomita 40 na ushei, kambi ya wakimbizi ya Malawi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ambako Kiswahili cha Kongo na Burundi hakikosi masikioni. Kazi yake ni simu. Treni hakuwahi kuigusa, na hapo ndipo penye utamu: karibu kila alichotumia kilikuwa tayari mezani pake.

Ugonjwa ni huu. Umeme wa volti 12 unapanda kupitia magurudumu, chanya kwenye reli moja, hasi kwenye ya pili. Lima hii ina magurudumu 8, lakini yanayokusanya umeme ni 4 tu: mawili ya kushoto kwenye bogi (fremu ya magurudumu) yenye mota, mawili ya kulia kwenye bogi nyingine. Mawili mengine yamevalishwa mpira yasiteleze, na mpira haupitishi umeme. Ongeza vumbi, mafuta na ule weusi unaoachwa na cheche. Kisha fika kwenye pointi, pale reli zinapopishana na kipande cha plastiki kikakaa katikati. Gurudumu moja juu ya plastiki, mwenzake juu ya uchafu, basi, mota imezima. Ukiwa mbioni, kasi inakuvusha. Ukitambaa, umelala hapo hapo.

Tiba? Kwanza usafi: pamba na isopropili, ile ile ya kusafishia bodi za simu, kwenye magurudumu na reli. Msasa ni mwiko, maana mikwaruzo yake ndiyo makazi ya uchafu. Pili, na hapa nilishika kichwa! Alifungua rilei (swichi ya sumaku) mbovu, akachomoa vibamba vyembamba vya springi, akavilehemu viguse migongo ya magurudumu mawili yaliyokuwa yakizunguka bure. Vinagusa kwa wepesi. Vikibana vinageuka breki. Tatu, nyaya nyembamba zinazokunjika bogi inapokata kona. Nne, kiboko yao: behewa la kwanza limepewa magurudumu ya chuma yanayokusanya umeme pande zote mbili, likaunganishwa na kichwa kwa nyaya mbili.

Nikashusha spidi hadi chini kabisa. Kikaondoka taratibu, gia zikisikika moja moja! Kichwa kikapanda plastiki huku kikilishwa na behewa. Behewa likapanda plastiki huku likibebwa na kichwa. “Ona, haisimame!” fundi akapaza sauti, na watoto wakajaa mlangoni.

Kasoro zipo. Nilitaka kapasita kubwa ya kuilisha mota umeme unapokatika. Fundi akakataa, na alikuwa sahihi. Treni hii hurudi nyuma kwa kugeuza chanya kuwa hasi, na kapasita ya elektroliti iliyofungwa moja kwa moja, ikigeuziwa umeme, inaweza kupasuka. Hiyo ifungwe kwenye mfumo wa kidijitali, ambako chipu ndani ya kichwa hunyoosha umeme kwanza. Tena kichwa ni cha kipimo cha 1:87, na reli ya milimita 16.5 ni pana mno kwake. Reli halisi za Afrika Kusini, sawa na hii ya Malawi iliyofika Mchinji mwaka 1980, zina upana wa milimita 1067. Kwa kipimo hicho zingekuwa 12 na kidogo.

Lakini subiri! Kwa kipimo cha 1:64, milimita 16.5 zinakaribia kabisa kulingana na 1067. Yaani chasi hii iliyopona inaweza kuvalishwa bodi kubwa zaidi ya bati, kazi nyepesi kwa vijana waliokua wakisuka galimoto, yaani magari ya kuchezea ya waya, ikawa kichwa cha Lilongwe, cha TAZARA au cha Kalemie kule Kongo, kwani kote huko upana wa reli ni ule ule!

Uamuzi wangu: kama Lima yako inakwamakwama, usiitupe wala usikimbilie mpya. Ipeleke kwa fundi simu aliye karibu, mwonyeshe magurudumu yasiyofanya kazi, na mwambie aanze na hayo.