Bi Harusi wa Udongo

Kwenye nyanda za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, katikati ya majani yanayoinama kwa upepo, bado yamesimama matanuru ya udongo marefu kuliko mtu mzima. Wafipa huliita tanuru la namna hii ilungu, na yakiwa mengi ni malungu. Mengine yanakaribia mita 3 kwenda juu, mapana chini, yakijibana taratibu hadi kwenye mdomo ulio wazi. Mgeni akiyaona kwa mbali anaweza kudhani ni vichuguu, wala hajakosea sana, kwa sababu udongo wake ulichimbwa kwenye vichuguu.

Huo udongo ndio mwanzo wa ufundi wenyewe. Mchwa wameshachambua chembe zake na kuzishikamanisha, kazi ambayo mfinyanzi angeitolea jasho siku nyingi. Ukikandwa vizuri hauporomoki kwenye moto mkali. Kwa hiyo fundi alipotafuta mahali pa kujenga alitazama mambo mengi kwa pamoja: kichuguu kikubwa, mawe yenye chuma, maji ya kukandia udongo, na miti ya kuchoma makaa. Hitaji hili la mwisho ndilo lililomtesa. Sehemu kubwa ya Ufipa ni majani matupu, na miti mizuri ya makaa haikuota kila mahali. Wayeyushaji ndio walioifuata, wakaweka kambi huko, mbali na nyumba zao.

Ukuta ulipandishwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini liliachwa likauke hadi liweze kubeba la juu yake, na aliyeharakisha aliona kazi yake ikipasuka. Kuzunguka kitako yaliachwa matundu ya kupitishia mirija ya udongo, na upande mmoja mlango mkubwa zaidi wa kutolea taka na, mwishoni, chuma chenyewe. Hakukuwa na mvukuto wala kijana wa kupuliza. Urefu wa tanuru ndio uliofanya kazi hiyo: hewa ya moto hupanda na kutokea juu, na inapotoka inavuta hewa mpya kupitia mirija ya chini. Kadiri moto unavyokua ndivyo mvuto unavyoongezeka. Waliopata hesabu hii hawakuwa na kalamu wala kipimajoto, na kila ninapoifikiria nashindwa kuipita haraka.

Lakini ukuta ukishakauka, tanuru lilikuwa bado halijawa ilungu. Lilipaswa kuozwa. Mafundi walilitendea kama bi harusi: likapambwa, likaimbiwa nyimbo za harusi, na watu wakalizunguka kwa shangwe kama wanavyomzunguka mwali anayetolewa nje. Fundi mkuu alikuja na kikapu chake cha dawa, intangala, ambacho hakikuguswa na mtu yeyote asiye na haki ya kukigusa. Ndani yake mlikuwa na mizizi, magome na vitu vingine alivyorithi pamoja na maelezo yake. Dawa hizo zilifukiwa kwenye shimo chini ya kitako cha tanuru, mahali ambapo chuma kingekuja kukaa. Kuanzia hapo tanuru lilikuwa mke, na kazi ya kuyeyusha ilikuwa mimba. Wanaume waliokuwa kambini walijitenga na wake zao hadi uzazi ulipokamilika, maana kumwacha huyu wa udongo na kwenda kwa mwingine kungemharibia mimba.

Siku ya kuwasha, tanuru lilijazwa kuni na makaa, kisha matabaka ya makaa na mawe ya chuma yaliyovunjwavunjwa. Fundi alipanda kwenye gogo lililoegemezwa ukutani na kumwaga mzigo kupitia mdomoni. Moto ulikaa ndani kwa siku kadhaa, usiku na mchana. Kinachotokea humo ni kazi nyeti. Makaa yakiungua kwa hewa kidogo hutoa gesi inayonyang'anya jiwe oksijeni yake, chuma kikabaki. Chuma hicho hakiyeyuki kuwa uji, kwa kuwa kingehitaji nyuzi 1,538 za Selsiasi na ilungu halifiki huko. Kinacholainika na kutiririka ni takataka za jiwe, na chuma hushikamana kuwa donge lenye matundumatundu kama mkate ulioumuka. Hewa ikizidi, chuma kinarudi kuwa kutu. Hewa ikipungua, takataka zinaganda na kuziba mirija. Mwenye kusimamia aliongozwa na rangi ya moto, sauti ya hewa mirijani, na alichofundishwa na mwalimu wake.

Wapo wanaotenganisha mambo haya mawili. Upande mmoja wanaweka kemia, ambayo wanaiheshimu, na upande mwingine kikapu na nyimbo, ambavyo wanavisamehe kama ushirikina wa wazee. Mimi sikubaliani nao. Watu wasioandika walihitaji kuhifadhi kazi ndefu yenye hatua nyingi, ambayo kosa dogo la siku ya kwanza linaonekana siku ya nne. Waliihifadhi katika nyimbo zenye mpangilio, katika miiko isiyosahaulika, na katika mwili wa mwanamke anayejulikana na kila mtu: anapambwa, anachukua mimba, anatunzwa, anajifungua. Kijana aliyeyashika haya alikuwa ameshika ratiba yote. Na mwiko wa kutokwenda nyumbani, pamoja na maana yake ya kiroho, uliwaweka watu kambini karibu na moto usiotaka kuachwa peke yake hata usiku mmoja. Sisemi kwamba imani ilikuwa hila ya kuficha ufundi. Nasema fundi mwenyewe hakuujua mstari tunaouchora sisi.

Ndiyo maana chuma kimeingia hadi kwenye simulizi za utawala. Wafipa husimulia kwamba mtu wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni na kuanzisha Milansi, kijiji kinachotajwa kuwa cha kwanza katika nchi yote. Baadaye walikuja wanawake watatu wageni, Watwaci, mtawala wa Milansi akiwa amekwenda mawindoni, na kiti chake kikachukuliwa. Aliporudi hapakuwa na vita. Utawala ulikwenda kwa wageni, ambao uzao wao ulitawala falme za Nkansi na Lyangalile, na Milansi ikabaki na heshima ya kale na nafasi yake katika kumsimika mfalme. Roy Willis, aliyeishi Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuandika vitabu juu ya Wafipa, aliihusisha Milansi na ufundi wa chuma. Naona busara kubwa katika simulizi hiyo: mwenye upanga anaweza kukaa kitini, lakini hawezi kuapishwa bila wale waliojua kutoa chuma ardhini.

  

Donge lililotoka tumboni mwa ilungu halikuwa jembe bado. Lilivunjwa, likapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambalo hili sasa lilipulizwa kwa mivukuto, ili takataka zilizosalia zitoke na chuma kikazane. Kisha ndipo mhunzi alipokaa na fuawe lake la jiwe. Jembe lililotoka hapo lilikuwa mali: lilibadilishwa kwa bidhaa, lilitolewa mahari. Zaidi ya yote lililima. Kilimo cha Ufipa ni cha intumba, matuta ya duara ambayo majani hufukiwa ndani yaoze na kuirutubisha ardhi. Mvua zinapokaribia kwisha hupandwa maharage juu yake, na msimu unaofuata tuta hutawanywa na kusiwa ulezi. Bila miti ya kuchoma na kupata majivu, Mfipa aliilisha nchi yake kwa majani yake yenyewe, na kazi hiyo ya kupindua udongo ilitaka jembe zito.

Majembe ya dukani yalipoingia kwa bei nafuu, kazi ya kambi ya wiki nyingi haikuweza kushindana. Mmisionari Wyckaert aliwaandikia wasomaji wa Ulaya juu ya wahunzi hawa mwaka 1914. Greig akaandika mwaka 1937 na Wise mwaka 1958, wote wawili katika jarida la Tanganyika Notes and Records, wakati waliowahi kuyeyusha wakiwa bado wanaweza kueleza kwa vidole vyao. Baadaye Bertram Mapunda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alizunguka Ufipa akiyatafuta malungu na mabaki ya matanuru ya kale zaidi, na kazi yake imetuonyesha kwamba hapa palipita mitindo kadhaa ya uyeyushaji, si mmoja.

Malungu yaliyobaki yananyeshewa mvua, yanaunguzwa na moto wa majani kila kiangazi, na ng'ombe hujikuna kwenye kuta zake. Ningependa walimu wa wilaya za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga wawapeleke wanafunzi huko wakiwa na mwalimu wa kemia na mzee wa Kifipa kwa pamoja. Mwalimu aeleze matundu ya chini na safari ya hewa. Mzee aeleze kikapu, harusi, na kwa nini hakuna aliyekwenda kulala nyumbani. Kisha watoto waulizwe ni nani kati ya hao wawili aliyezungumzia tanuru.