Nani Aliamua Mwalimu Asiwepo?

Mliofuatilia Global Learning XPRIZE, mashindano ya programu za vishikwambi za kumfunza mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, tangu yalipotangazwa Septemba 2014 hadi washindi walipopanda jukwaani Los Angeles Mei 2019, hamhitaji kusimuliwa upya. Vijiji takriban 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000, vishikwambi vya Google, programu tano za fainali, miezi 15. Kazi nzuri ilikuwapo na nitaitaja mara moja: umeme wa jua ulifika vijijini kwa mkono wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, UNESCO na serikali walishika usimamizi, masomo yalitengenezwa kwa Kiswahili, na programu za fainali zikaachwa huria kwa yeyote anayetaka kuzitumia. Basi. Safu hii yote iliyobaki inahusu sharti moja, lile lililotaka mtoto ajifundishe mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Sharti hilo lilikuwa kosa siku lilipoandikwa, na matokeo yaliyosherehekewa Los Angeles hayakulisafisha.

Tulitazame kiufundi, maana wengi walilijadili kwa hisia tu. Kiswahili ni mpole kwa anayeanza kusoma. Herufi na sauti vinaelewana, silabi nyingi zinaishia na irabu, na mtoto akishaimiliki ba be bi bo bu anafungua maneno kwa mkupuo. Kipande hicho cha kazi mashine inakiweza, tena bila kuchoka wala kukaripia. Ugumu unaanza pale silabi zinapoacha kuwa rahisi: m ya mtu inayosimama peke yake, ng' ya ng'ombe isiyo ng ya ngoma, dh inayotaka kugeuka z, th inayotaka kugeuka s. Mtoto wa Tanga ambaye nyumbani anasikia Kisambaa, Kizigua au Kimaasai, hapo hahitaji mdomo wa kumsomea tu. Anahitaji sikio la kumsikiliza. Anasoma kwa sauti, anakosea, mtu anamsimamisha papo hapo, anarudia, anasonga mbele. Mzunguko huo ndio ufundishaji wa kusoma wenyewe, na vitabu vya mwalimu, mafunzo ya KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu), kadi za silabi na nyimbo za irabu vyote vipo ili kuuhudumia.

Kishikwambi kinasema vizuri lakini kinasikia vibaya. Kinamwambia mtoto aguse neno fulani kati ya matatu. Akikosa mara mbili, la tatu analipata kwa kubahatisha na nyota inawaka kwenye kioo. RoboTutor ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilijaribu kwa dhati kumsikiliza mtoto akisoma, na ilifika fainali, lakini haikushinda. Waliogawana zawadi kuu ni Kitkit School na onebillion, na sina ugomvi na ustadi wao. Masomo yao yamepangwa kwa ngazi zenye akili. Ugomvi wangu ni na waandaaji. Walijua kwamba sikio halipo ndani ya kifaa, kisha wakaandika kanuni inayozuia sikio lisipatikane nje ya kifaa pia. Watu wazima wa kutunza na kuchaji vifaa walikuwapo kijijini. Kufundisha hakukuwa sehemu ya kazi yao. Yaani mtu mzima aliaminiwa kwa betri lakini hakuaminiwa kwa silabi.

Sasa yatazame matokeo yaliyotangazwa na waandaaji wenyewe. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walikuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyopigiwa makofi. Ipige hesabu upande wa pili: zaidi ya watoto wanne katika kila kumi walikaa na kifaa hicho mwaka mmoja na robo, na mwisho wake hawakuweza kusoma neno moja. Sisemi ukurasa wala sentensi. Neno moja, katika lugha ambayo mama au kaka ni neno la wiki za mwanzo. Mwalimu wa darasa la kwanza ambaye nusu ya darasa lake ingefika huko baada ya miezi 15 angeitwa na Afisa Elimu Kata kujieleza. Mashine iliitwa jukwaani.

Wazo la mtoto kujifundisha mwenyewe kwa mashine halikuzuka Tanga. Linatoka kwa Sugata Mitra, aliyeweka kompyuta kwenye ukuta wa mtaa wa Kalkaji mjini Delhi mwaka 1999 na kuwaacha watoto waichezee, na kwa Nicholas Negroponte, ambaye mradi wake wa kompyuta moja kwa kila mtoto ulimwaga mashine hadi Peru. Huko Peru tathmini ya Benki ya Maendeleo baina ya Nchi za Amerika, iliyotoka mwaka 2012, haikuona mabadiliko katika alama za lugha na hesabu. Mwaka huohuo Negroponte alikuwa akisimulia jinsi watoto wa vijiji viwili vya Ethiopia walivyopewa vishikwambi vilivyofungwa na, baada ya miezi michache, wakaifungua kamera iliyokuwa imezimwa. Nimekwisha kuandika juu ya ugonjwa huu wa kuona kidole chepesi na kudhani ni akili iliyojifunza kusoma, na nitaendelea kuandika hadi wahusika wachoke. Kufungua kamera ni jambo la kuvutia, ila KKK haina K ya kamera.

Pingamizi lenye uzito ni hili: vijiji vile vilichaguliwa kwa sababu shule ziko mbali na walimu hawatoshi, kwa hiyo kulalamika kwamba mwalimu aliondolewa ni kulalamikia kitu ambacho hakikuwapo. Lingekuwa pingamizi zuri kama mwalimu angekuwa na maana moja tu, yaani mtu mwenye cheti na namba ya ajira. Nchi hii iliwahi kujibu swali hilo kwa vitendo. Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, wilaya sita, Mafia na Ukerewe zikiwamo, zikapewa lengo la kufuta ujinga wa kusoma na kuandika kufikia mwisho wa 1971, kisha kampeni ikaenea nchi nzima. Walimu walitoka wapi? Wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakijitolea jioni kwenye ubao uliopakwa rangi nyeusi, chini ya mwembe au ndani ya ofisi ya kijiji. Watu wasiojua kusoma walikuwa asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia 1975 walihesabiwa kuwa 39, na mwaka 1986 karibu 10. Nyuma yao zilikuja maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini, ili aliyejua kusoma awe na cha kusoma.

Najua takwimu zile zina wanaozitilia shaka, na shaka yao ina msingi, kwani ngazi za mtihani zilikuwa na ulegevu wake na wengi walirudi nyuma magazeti yalipokufa. Lakini hata ukizikata kwa ukali, unabaki na jambo ambalo waandaaji wa XPRIZE walilipuuza: katika kijiji ambacho watoto hawaendi shule, mtu mzima anayejua kusoma hakosekani. Kuna kaka, kuna shangazi, kuna mwalimu wa madrasa, kuna mwinjilisti, kuna karani wa chama cha ushirika. Na kwa watoto walewale walioikosa shule, Tanzania ilikuwa na MEMKWA tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, darasa la mtaala mfupi lenye mwezeshaji aliyetoka katika jamii hiyohiyo. MEMKWA haikukwama kwa kukosa wazo; ilidhoofika kwa posho zisizofika na vitabu vichache. Ukiwa na zawadi ya dola milioni 15, ya kutoka kwa Elon Musk, ungeweza angalau kuuliza kinatokea nini mwezeshaji yule akipewa kishikwambi na posho yake kwa wakati.

Tena ushahidi ulikuwapo jirani. Kenya, wakati wa PRIMR, majaribio ya kufundisha kusoma yaliyotangulia programu ya kitaifa ya Tusome, walijaribu Kisumu njia tatu za teknolojia: vifaa vya kusomea mikononi mwa wanafunzi, vishikwambi mikononi mwa walimu, na vishikwambi mikononi mwa wakufunzi wanaozunguka shuleni kuwasaidia walimu. Watoto wa makundi yote matatu walisoma vizuri kuliko wale wasioguswa, lakini hakuna njia iliyoziacha nyenzake mbali, na programu ya msingi ya vitabu na mafunzo bila vifaa hivyo ilikuwa nafuu zaidi kwa matokeo yaliyopatikana. Tusome ilipokwenda nchi nzima mwaka 2015, kitabu kilikwenda kwa mtoto, mwongozo kwa mwalimu, kishikwambi kwa mkufunzi. Na hapa kwetu KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza katika shule 350 za wilaya 10 mwaka 2013 na 2014, ilionyesha kwamba ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, ikitolewa peke yake, haikuinua alama. Ilipounganishwa na motisha kwa mwalimu, zikapanda. Kifaa bila mtu anayekisukuma ni ruzuku isiyo na motisha kwa sura nyingine.

Wanaotetea sharti lile huishia Malawi, ambako programu ya onebillion imeingia katika shule za serikali kwa Kichewa na tathmini kadhaa zimeipa sifa. Sifa hizo nazikubali, tena zinanisaidia. Huko watoto huingia chumba cha vishikwambi kwa ratiba, kwa zamu, mtu mzima akiwa amesimama mlangoni na ndani, huku somo la kawaida la darasani likiendelea siku hiyohiyo. Wengine watasema mashindano yalihitaji kanuni safi ili programu ipimwe bila kuchanganywa na ustadi wa mwalimu. Usafi huo uliwezekana bila kumfukuza mtu: vijiji takriban 170 vinatosha kugawanywa mara mbili, nusu vikae na kishikwambi peke yake, nusu vipate kishikwambi na kijana mmoja wa kijiji mwenye saa moja kila jioni, posho kidogo na ruhusa ya kusema "rudia hapo". Mwishoni tungejua saa ile moja ina thamani ya watoto wangapi, na kwa shilingi ngapi. Kanuni ilivyoandikwa, swali hilo halikuulizwa, na zawadi ilikwisha kugawanywa.