Ziggy Stardust Mizanini: Jinsi ya Kupima Albamu ya Kisa Kimoja

Albamu ya kisa kimoja huharibika kwa njia mbili. Kisa kikizidi, nyimbo hugeuka hotuba. Kikipungua, hubaki jina tu juu ya jalada. Anayetaka kujifunza kupima achukue *The Rise and Fall of Ziggy Stardust and the Spiders from Mars*, aliyoitoa David Bowie Juni 1972. Ina nyimbo 11 na haifiki dakika 40. Kisa chake ni hiki: dunia imebakiza miaka 5. Anatokea Ziggy, nyota wa roki mwenye habari za viumbe wa angani, anapendwa kupita kiasi, na umaarufu unammaliza.

Mwanzo na mwisho. "Five Years" huanza na ngoma za Mick Woodmansey peke yake, zikichomoza polepole kutoka kimya. Bowie anaingia kwa sauti ya msimulizi mtulivu, anamaliza akipiga mayowe. "Rock 'n' Roll Suicide" unaofunga albamu nao huanza na gitaa kavu, ukaishia na okestra nzima. Jaribu kuzibadilishia nafasi. Kama kisa hakivurugiki, mtunzi alipanga orodha tu.

Wimbo uliochomolewa. "Starman" uliongezwa mwishoni kwa sababu kampuni ya rekodi ya RCA ilitaka wimbo wa kuuza peke yake, ukachukua nafasi ya kibao cha Chuck Berry. Redioni unajitosheleza, ndani ya albamu ndio unaoleta habari kutoka angani. Ufundi ni huo: hata shinikizo la biashara limepewa kazi katika kisa.

Mkono wa mpigaji. Katika studio za Trident, London, Bowie akitayarisha pamoja na Ken Scott, Mick Ronson alipiga gitaa na piano, akapanga na sehemu za fidla. Sikiliza gitaa lake mwishoni mwa "Moonage Daydream": noti chache, zimevutwa kwa muda mrefu, na nafasi imeachwa katikati. Fundi asiyejiamini huogopa nafasi hiyo, akaijaza vidole.

Pengo na kiraka. Kisa hiki kina mapengo mengi, na msikilizaji huyaziba mwenyewe kwa raha. Kiraka ni kitu kingine. "It Ain't Easy", utunzi wa Ron Davies, ulirekodiwa 1971 wakati wa kutengeneza albamu iliyotangulia. Ni wimbo mzuri, lakini hausogezi kisa hata hatua moja. Mjuzi husema hivyo bila kuishusha albamu nzima.

Warithi. Tarehe 3 Julai 1973, jukwaani Hammersmith Odeon, London, Bowie alimstaafisha Ziggy, mhusika aliyekuwa akimwigiza. Wengi waliomfuata walirithi rangi za uso na viatu vya soli ndefu. Wavue mapambo hayo akilini, uone kinachobaki. Queen, bendi ya Freddie Mercury mzaliwa wa Zanzibar, ilirekodi sehemu kubwa ya albamu yake ya kwanza hapohapo Trident, katika saa ambazo studio haikuwa na wateja. Hao ukiwavua, nyimbo zinabaki zimesimama.

Jalada la nyuma linaagiza albamu ipigwe kwa sauti ya juu kabisa. Tii agizo, kisha irudie yote kwa sauti ya chini, bila kuruka wimbo. Albamu iliyoungwa vizuri itakushika hadi mwisho bila msaada wa kelele. Ukijikuta unataka kuruka, andika jina la wimbo huo, kwa maana hapo ndipo kiraka kilipo.